Joto la Garissa na mkono wa bandia wa betri

Mtu aliyekatwa mkono chini ya kiwiko hubaki na misuli ya kufumba na kukunjua vidole, ingawa vidole vyenyewe havipo. Akikusudia kufumba kiganja, misuli hiyo hukaza na kutoa umeme mdogo mno, usiofika hata sehemu chache za elfu za volti. Mkono wa bandia wa betri hutegemea umeme huo. Ndani ya ganda linalovaliwa kwenye kigutu huwa na elektrodi mbili zinazogusa ngozi, moja juu ya misuli ya kufumba, nyingine juu ya ile ya kukunjua. Ishara hukuzwa, kisha mota husogeza vidole. Si uvumbuzi wa jana: wahandisi wa Muungano wa Sovieti walikuwa na mkono wa namna hii kufikia mwaka 1960.

Taabu iko katika kuurekebisha. Fundi huweka kiwango ambacho ishara ikiwa chini yake, mota haijibu. Kikiwa chini mno, mkono utafunguka wenyewe na chai ya moto imwagike mapajani. Kikiwa juu mno, mvaaji atachoka kabla ya adhuhuri, na baada ya wiki chache mkono utatundikwa ukutani. Hata Ulaya wapo wengi walioutundika.

Sasa uulete Garissa, ambako joto hufika nyuzi 35 mara kwa mara. Jasho hujikusanya ndani ya ganda. Kwa kuwa ni maji ya chumvi, hupitisha umeme na kuvuruga ishara. Ganda nalo huteleza na elektrodi zikahama. Mkono uliorekebishwa asubuhi chini ya feni mjini Nairobi unaweza kukaidi ifikapo saa nane mchana. Mgonjwa na amwombe fundi ampime pia akiwa ametoka jasho.

Mikono ya kisasa yenye kompyuta ndogo hufundishwa: mvaaji hurudia kila tendo mara kadhaa mpaka kompyuta itambue ishara zake. Mingine aweza kuifundisha upya mwenyewe nyumbani. Kwa mkazi wa Wajir au Mandera, jambo hilo lina uzito kuliko wingi wa vidole vinavyosogea.

Bei yake, hata hivyo, ni mamia ya maelfu ya shilingi, na mingine hufika mamilioni. Kwa mfugaji anayenywesha ngamia kisimani, mkono unaovutwa kwa ukanda wa begani waweza kumfaa zaidi; hauhitaji betri wala hauogopi jasho. Wowote atakaochagua, kigutu kifungwe bendeji ya kunyumbuka kama daktari atakavyoelekeza, na uvimbe upungue kabla ganda halijapimwa.