Damu Yako Huanzia Mizizini mwa Maharagwe

Msomaji, iwapo unaishi Kisii au Nyamira, huenda shamba lako ni kipande kidogo chenye migomba, majani chai na mahindi yaliyochanganywa na maharagwe. Nyama haipikwi kila siku. Hivyo maharagwe ndiyo hukupa protini ya kujenga mwili na madini ya chuma ya kutengeneza damu. Yakipungua, mama mjamzito na mtoto mdogo ndio huumia kwanza.

Je, wajua kwamba mizizini mwa maharagwe huishi bakteria waitwao rizobia? Hawa huchukua naitrojeni hewani na kuupa mmea, nao mmea huitumia kutengeneza protini. Chimbua mche unaotoa maua, usiuvute. Pasua vinundu vya mizizi kwa ukucha. Vikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au kijani, hakuna faida.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitengeneza Biofix, bakteria wa kupaka kwenye mbegu. Tangu 2009, mradi wa N2Africa uliwajaribu bakteria wa aina hii katika mashamba ya magharibi mwa Kenya na kwingineko Afrika. Soya iliitikia vyema. Maharagwe ya kawaida yaliitikia hapa na kukataa pale. Kwa nini? Bakteria wa kienyeji, wengine wavivu, huwa wamekwisha kujaa udongoni. Asidi inayoletwa na mvua nyingi huwadhoofisha wageni, na fosforasi ikikosekana hawana nguvu. Aina ya mbegu nayo huchangia.

Kwa hivyo usitumie pesa zako zote kabla ya kujaribu. Pima sehemu nne zilizo sawa. Mbili panda Rosecoco uliyoizoea, na mbili Nyota, mbegu ya KALRO yenye chuma na zinki kwa wingi. Kwa kila aina, sehemu moja itiwe bakteria na nyingine isitiwe. Anza na zisizotiwa, mikono isije ikabeba bakteria. Palilia zote siku moja, kisha pima mavuno kwa gorogoro na uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Rudia msimu wa pili, kwa maana mvua ya msimu mmoja hudanganya.

Kumbuka bakteria ni viumbe hai. Weka pakiti mahali penye baridi, paka mbegu kivulini, panda siku hiyo hiyo na ufukie mara moja. Usiwapake kwenye mbegu zenye dawa ya ukungu.

Mwisho, usiyapoteze mavuno mezani. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata chuma. Isubirishe saa moja hivi, na badala yake mpe mtoto pera au chungwa. Akiwa amepauka na kuchoka ovyo, mpeleke kliniki apimwe damu.