MALEZI MJINI (Sehemu ya Pili): Kigari cha magurudumu matatu kwenye mji wa mawe

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mbeleko. Tulikubaliana kwamba kwa mzazi anayekaa mlimani Igogo au Mabatini hapa Mwanza, ambaye njia yake ya kushukia mjini ni ngazi zilizobanana kati ya majabali, hakuna kifaa cha dukani kinachoishinda kanga iliyofungwa sawasawa. Leo tunahamia kwa wazazi waliokwisha kuamua kununua kigari cha mtoto, hasa wale wanaokitaka kile kidogo: magurudumu matatu, kinakunjika, kinaingia nyuma ya kiti cha gari.

Nimeanza na hicho kwa sababu wazazi wengi wanakinunua wakitegemea kitu ambacho hakina. Wanaona gurudumu moja mbele, mawili nyuma, wanaamini kimetengenezwa kwa ajili ya njia mbaya. Muuzaji naye huongeza kwamba kinapita popote. Kwa mji wenye mawe na vilima kama Mwanza, maneno hayo yanavutia sana. Lakini ukiijua historia ya chombo chenyewe, utaona sifa hiyo ilitoka wapi na ilipotelea wapi.

Kigari cha kwanza kinachotajwa na wanahistoria kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent, mbunifu wa majumba na bustani, kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire. Kilivutwa na mnyama mdogo. Kwa muda mrefu baada ya hapo vigari vingi vilibaki vizito, vyenye kuhitaji mahali pakubwa pa kuvihifadhia. Aliyebadilisha mambo ni Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyewahi kushughulikia miguu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire. Mguu wa ndege lazima uwe mwepesi, ubebe uzito, kisha ukunjwe uingie mahali padogo. Maclaren alichukua ujuzi huo akautia kwenye kigari cha mabomba ya alumini kilichokunjika kama mwavuli, na mwaka 1965 akakiombea hataza. Kilikuwa na uzito wa takribani kilo 3.

Kigari cha magurudumu matatu tunachokifahamu leo kina asili nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Yakima, jimbo la Washington nchini Marekani, mwandishi wa habari Phil Baechler alitaka kukimbia mazoezi yake akiwa na mtoto wake mchanga. Vigurudumu vya kigari cha kawaida vilikuwa vikikwama. Akafunga magurudumu ya baiskeli, moja mbele na mawili nyuma, na mwaka 1984 akaanzisha kampuni ya Baby Jogger. Chombo kile kilipita kwenye vumbi, kokoto na nyasi kwa sababu ya ukubwa wa magurudumu yake. Kuwa matatu kulisaidia kupunguza uzito na kukiweka sawa kinapokwenda mbio kwenye mstari ulionyooka.

Kigari kidogo cha kisasa kimechukua kukunjika kutoka kwa Maclaren na umbo kutoka kwa Baechler. Magurudumu makubwa kimeyaacha, kwa kuwa yangekizuia kukunjwa kikawa kidogo. Kwa hiyo kinachoonekana kama chombo cha porini ni chombo cha sakafu.

Tupime kwa hesabu, maana hapa hesabu inasema kweli kuliko tangazo. Chukua jiwe lililojitokeza sentimita 3 juu ya njia, jambo la kawaida kabisa kwenye mitaa yetu, hata ile ya mlimani iliyotandikwa mawe. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 15 likigonga jiwe hilo, ili lipande unatakiwa kusukuma kwa nguvu ya mara 1.3 ya uzito uliolikalia. Gurudumu la sentimita 30 kwenye jiwe lile lile linahitaji robo tatu tu ya uzito huo, mara 0.75. Na kizuizi kikifika nusu ya kimo cha gurudumu, yaani sentimita 7.5 kwa lile dogo, kusukuma peke yake hakufui dafu. Lazima ugandamize mpini ili sehemu ya mbele inyanyuke. Fikiria sasa kingo za mitaro yetu, na matundu ya vifuniko vyake ambamo gurudumu jembamba la mbele linaweza kuzama lote.

Niseme pia upande wa pili, kwa haki. Gurudumu moja la mbele lina faida yake: unaweza kulipitisha kati ya mawe mawili pale ambapo kigari cha manne lazima kigonge mojawapo. Likiwa la aina inayojigeuza kushoto na kulia, unageuka mahali padogo, kati ya rafu za duka au kwenye foleni ya kliniki, kwa mkono mmoja. Ndiyo maana kwenye sakafu ya Rock City Mall, kwenye korido za hospitali, uwanja wa ndege, au barabara ya lami kule Capri Point jioni upepo wa ziwa unapovuma, kigari hiki kinafanya kazi vizuri sana.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usianzie dukani. Anzia mlangoni kwako. Tembea njia unayoitumia kweli, ya kwenda kliniki, sokoni, kanisani au msikitini, na uangalie kwa macho ya mtu anayesukuma: lami inaishia wapi, mtaro unavukwa kwa ubao au kwa karavati, mteremko ni mkali kiasi gani. Kama unakaa sehemu za tambarare za Nyamagana au Ilemela na sehemu kubwa ya njia yako ni lami, kigari kidogo kitakufaa. Kama zaidi ya nusu ya njia ni mawe na vumbi, tafuta chenye magurudumu ya kufikia sentimita 30 ukubali kwamba hakitakunjika kikawa kidogo, au baki na mbeleko bila aibu yoyote. Najua wapo wanaoona kigari kuwa dalili ya maendeleo na mbeleko dalili ya ushamba. Mtoto hajui tofauti hiyo. Anajua kama ametulia au anarushwarushwa.

Suala linalonipa wasiwasi zaidi ni kupinduka. Kila aliyepanda bajaji ikakata kona kwa kasi huku dereva akikanyaga breki anajua mwili unavyotupwa kwenye ile pembe ya mbele isiyo na gurudumu. Kigari cha magurudumu matatu kina udhaifu huo huo, kwa sababu kinasimama juu ya pembetatu, na kadiri uzito unavyosogea mbele ndivyo nafasi ya kusimamia inavyokuwa nyembamba. Mtoto akiinama mbele upande mmoja kuokota kitu, kwenye mteremko, huku wewe unageuza, ndipo hatari inapokuwa kubwa. Kwa hiyo angalia upana kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Ukiwa mkubwa ni bora. Angalia kama kiti kimekaa chini, karibu na ekseli ya nyuma. Unaposhuka mlima, shuka polepole, geuka ukiwa umesimama, na mtoto awe amefungwa mkanda muda wote: ule unaopita mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Mkanda wa kiunoni peke yake hautoshi kwa mtoto anayejua kujipinda na kuteleza.

Kuna pia kupinduka kwa nyuma, na huku tunakusababisha wenyewe. Mzazi anatoka soko la Mwaloni Kirumba na mfuko wa sato au dagaa, anautundika kwenye mpini. Mtoto akiwa ndani, uzito unakaribiana na unasukuma salama. Ukimtoa mtoto, kigari kinaanguka chali. Na akiwa mdogo sana, kinaweza kuanguka naye. Mzigo uwekwe kwenye kikapu cha chini, au uubebe.

Na breki. Kigari na mtoto vikiwa na kilo 20 kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, vinavutwa chini kwa nguvu sawa na kubeba kilo 2. Si nyingi mkono ukiwa umeshika. Mkono ukiachia kupokea simu, kigari kinaondoka. Chagua chenye breki inayofunga magurudumu yote mawili ya nyuma kwa kukanyaga mara moja, na chenye kamba ya kuvaa mkononi. Kama hakina kamba, mshonaji yeyote wa mikoba atakufungia utepe imara.

Kukunjika ndiko kunakofanya kigari hiki kitamaniwe, na kwa anayesafiri kwa daladala ni faida ya kweli. Lakini jaribu kukikunja ukiwa umembeba mtoto mkono mmoja, maana hivyo ndivyo utakavyokuwa kituoni Buzuruga huku konda anakuharakisha. Kama kinahitaji mikono miwili na goti, hakikufai. Angalia pia bawaba. Novemba 2009, kampuni ya Maclaren iliwarudia wanunuzi wa takribani vigari milioni 1 nchini Marekani baada ya kuripotiwa watoto 12 waliokatika ncha za vidole kwenye bawaba wakati kigari kinakunjuliwa. Suluhisho lilikuwa vifuniko vya bawaba. Kabla ya kukunja au kukunjua, mtoto akae mbali, na bawaba iliyo wazi ivalishwe kitambaa kizito.

Sisi wa kando ya ziwa tuna jambo letu jingine. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na wasafiri wengi sasa hawashuki tena kwenye basi kuingia kivukoni. Hata hivyo wapo wanaovuka Kamanga, na wapo wa visiwani: Ukerewe, Ukara na kwingineko. Kwenye chombo cha majini, mtoto asikae kwenye kigari. Mtoe, umpakate au umvishe jaketi okozi la saizi yake, na kigari kikunjwe. Mtoto aliyefungwa mkanda kwenye kigari cha chuma hana nafasi chombo kikipata ajali. Mwanza inakumbuka kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na kwa MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, na familia zilizopoteza watoto bado ziko miongoni mwetu. Hapa sina mjadala.

Umri nao ni kigezo. Vigari vingi vidogo vya magurudumu matatu havilazi kiti kikawa tambarare. Mtoto asiyeweza kushikilia kichwa chake, akikalishwa wima, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa. Kama kiti hakilali kabisa, subiri mtoto afikishe karibu miezi 6 na awe anakaa vizuri. Kitaani watu hupachika mto nyuma ya mgongo wa mtoto mchanga wakidhani wametatua tatizo. Mto humsukuma kichwa mbele zaidi.

Juu ya jua: tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na mchana jua liko karibu utosini mwaka mzima. Paa la kigari liwe refu, lishuke hadi usawa wa kifua cha mtoto. Ila usifunike kigari chote kwa kanga kavu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliopima jambo hili mwaka 2023 walikuta kwamba kitambaa kikavu huongeza joto ndani, na kitambaa chembamba kilicholoweshwa maji hulipunguza. Chandarua kidogo cha kigari ni kizuri kuanzia magharibi, kwa ukanda wetu wenye malaria, kwa sababu kinapitisha hewa. Vumbi na moshi navyo vihesabiwe. Uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Surrey wa mwaka 2018 ulieleza kwamba mtoto kwenye kigari anapumua kwenye kimo cha sentimita 55 hadi 85, karibu na mabomba ya moshi ya magari, na anaweza kuvuta hewa chafu hadi asilimia 60 zaidi ya mtu mzima anayetembea naye. Chagua chenye kiti cha juu kidogo, lakini kumbuka niliyosema kuhusu kupinduka. Kwa mitaa yenye mteremko mimi ningechagua kiti cha chini na kuiacha barabara kuu, nipite ya ndani.

Vya mitumba vinafaa, tena vingi ni imara kuliko vipya vya bei rahisi. Tafuta kibandiko kwenye bomba la nyuma. EN 1888-1 ni kiwango cha Ulaya cha vigari vya watoto hadi kilo 15, na EN 1888-2 ni cha hadi kilo 22. Tikisa gurudumu la mbele: likicheza, beringi imekwisha, na ukiongeza mwendo litapigapiga kushoto na kulia. Matairi ya upepo ya inchi 12 yana tyubu inayolingana na ya baiskeli ndogo za watoto, hivyo fundi baiskeli wa mtaani ataziba pancha ya miiba. Matairi magumu hayapati pancha, lakini kila jiwe linafika mgongoni mwa mtoto.

Ukienda kununua, beba mfuko wa unga wa kilo 10. Uweke kwenye kiti, ufunge mkanda, kisha omba kukitoa kigari nje ya duka. Vigae vya dukani havitakuonyesha chochote. Kisukume kwenye kokoto, kivushe mtaro, kisimamishe mteremkoni kwa breki halafu ukiachie huku mkono uko karibu. Muuzaji akikataa kisitoke mlangoni, nenda duka la jirani.

Itaendelea wiki ijayo: mtoto kwenye bajaji na bodaboda.