Taa ya nyuma kwanza: namna ya kuchagua taa za kiti cha magurudumu

Saa 12 za jioni jua linazama Goma, Bukavu na Uvira, na nusu saa baadaye ni giza. Ndiyo saa wachuuzi wanarudi nyumbani na motari wanakimbizana na abiria wa mwisho. Katikati yao anapita mlemavu kwenye kiti chake cha betri, ao kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Pembeni hakuna nafasi: kama si mfereji ulio wazi, ni meza za wauzaji. Analazimika kuingia barabarani pamoja na magari. Siku akigongwa, dereva anasema neno lile lile: «Sikumuona.»

Mara nyingi dereva hadanganyi. Mtu aliyekaa kwenye kiti yuko chini kuliko mwenye kinga ao motari. Mgongo wa kiti mara nyingi ni mweusi, na kule Goma hata ardhi ni nyeusi, juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akimtambua mtu mita 20 tu mbele yake, sekunde moja ya kushtuka inamaliza karibu nafasi yote kabla mguu haujafika kwenye breki. Lakini taa inayoonekana toka mita 150 inampa sekunde 9 hivi.

Ndiyo sababu mwenye pesa ya taa moja tu anunue kwanza taa nyekundu ya nyuma. Gari linalotoka mbele, yeye mwenyewe analiona na anaweza kujitenga. Linalotoka nyuma halioni.

Rangi na mahali pa kufunga

Nyekundu ni ya nyuma, nyeupe ni ya mbele. Siku hizi vinauzwa vitaa vya rangi nyingi, vya bluu na kijani, na vinapendeza kweli. Lakini dereva akiona nyeupe nyuma ya kiti, anafikiri ni chombo kinachomjia, kumbe kinaenda mbele yake.

Taa mbili nyekundu, moja kila upande wa kiti, zinafaa kuliko moja ya katikati. Taa moja inafanana na ya kinga, na dereva anapita karibu sana bila kujua upana wa kiti. Kuhusu taa ya kuwakawaka, inavuta macho haraka, lakini peke yake inamfanya dereva ashindwe kupima umbali. Moja iwake bila kukatika, ya pili iwakewake. Taa ya mbele nayo ielekezwe chini kidogo: inaonyesha mashimo, haiumizi macho ya watu.

Kosa linaloonekana sana ni mzigo. Wengi wanaofanya biashara kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi wanabeba magunia nyuma ya baiskeli zao, na gunia likishafungwa, taa inafichwa. Taa ifungwe pale mzigo haufiki, ao iwe ya kubandua na kufungwa juu ya gunia lenyewe.

Jile ya kung'aa pia ina shida yake: ukiivaa umekaa, mgongo wa kiti unaifunika. Afadhali ivikwe kiti chenyewe kwa nyuma. Utepe wa kung'aa unafaa kwenye magurudumu, juu ya wanaotoka ubavuni kwenye njia panda. Lakini jile na utepe vinang'aa tu vikimulikwa. Pikipiki isiyowasha taa haitaviona, kwa hiyo haviwezi kuchukua nafasi ya taa.

Umeme utoke wapi?

Kufunga taa kwenye betri ya kiti ni rahisi, lakini betri ikiisha njiani, mtu anabaki amesimama barabarani, bila mwendo na bila mwanga. Kwa hiyo taa ya nyuma iwe na betri yake ndogo, ya kuchajiwa kama simu ao kwa paneli ya jua nyumbani. Ya mbele inaweza kutumia betri ya kiti.

Hapo fundi awe mwangalifu. Viti vingi vya umeme vina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa volti 24. Fundi wa pikipiki anazoea volti 12, anaweza kufunga taa kwenye betri moja tu. Taa itawaka, lakini betri ile itachoka mbele ya mwenzake, na mwishowe zote mbili zitaharibika. Itafutwe taa ya volti 24 ao kifaa cha kushusha volti, na fyuzi iwekwe karibu na betri.

Balbu ya zamani ya pikipiki ya wati 35 inakula umeme mara kumi na zaidi kuliko taa ya LED ya wati 3. Kwa nchi ya mvua na vumbi, alama ya IP65 kwenye boksi inamaanisha vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii. IPX4 inastahimili matone ya mvua tu. Taa yoyote ikipakwa potopoto haina faida: ipanguswe kila jioni.

Kabla ya kuitegemea

Jaribio la mwisho halina bei. Usiku, mahali pasipo magari, mwenye kiti akae kama kawaida yake, na mzigo wake wote. Ndugu ao jirani arudi nyuma hatua 150, kisha ainame mpaka macho yake yafikie kimo cha dereva wa gari dogo. Kama haoni nyekundu mara moja, taa ihamishwe usiku uleule, mbele ya kurudi barabarani.