Makufuli ya Gemu Yaliyovunja Rekodi

Hakuna gemu ya kompyuta iliyozua ghadhabu kwa sababu ya kufuli lake la kuzuia wizi wa nakala kuishinda Spore, kazi ya Will Wright na studio ya Maxis, iliyotolewa na Electronic Arts Septemba 2008. Mnunuzi aliruhusiwa kuiamilisha kwa intaneti mara 3 tu. Zikiisha, apige simu kwa kampuni ajieleze. Mara 3 si haba, mpaka ukumbuke kompyuta inavyoishi: virusi vikiingia, fundi anapiga Windows upya, hiyo moja, vifaa vya ndani vikibadilishwa, ya pili, ukinunua mashine nyingine, umemaliza.

Wateja walimiminika Amazon na kuipa nyota moja moja, hadi maoni yakapita 2,000 katika siku chache. Septemba haijaisha, kesi ilikuwa imeshafunguliwa mahakamani California. Na maharamia je? Nakala iliyovunjwa ilikuwa inazunguka mitandaoni hata kabla gemu haijafika madukani Marekani, na tovuti ya TorrentFreak ilikadiria kwamba ilipakuliwa mara milioni 1.7 mwaka ule, ikaongoza gemu zote za kompyuta kwa kuibwa. Yaani rekodi mbili kwa mpigo. EA ilipandisha kikomo hadi mara 5, halafu ikatoa programu ya kurudisha nafasi iliyotumika. Ninachoona kibaya zaidi ni jinsi adhabu ilivyogawanywa: aliyelipa alihesabiwa kila hatua, mwizi hakuulizwa hata jina.

Kwa ubahili, taji ni la BioShock ya mwaka 2007, iliyoanza na nafasi 2 tu. Kelele zikapanda, zikawa 5 upesi, na mwaka uliofuata kampuni ya 2K ikaondoa kikomo kabisa. Ukitaka kufuli lenye wivu kuliko yote, itazame Anno 2070. Mapema mwaka 2012 tovuti ya Guru3D ilitaka kuitumia kupima kadi za grafiki, kazi ambayo haifanyiki bila kuchomoa kadi moja na kuchomeka nyingine. Kila kadi mpya ikahesabiwa kuwa kompyuta mpya, nafasi 3 zikayeyuka, upimaji ukakwama. Baada ya habari kuenea, wenye gemu waliacha kuihesabu kadi ya grafiki.

Haki itendeke: lipo kufuli lililofanya kazi yake. Splinter Cell: Chaos Theory ya mwaka 2005, iliyolindwa na StarForce, iliwatoa jasho wavunjaji kwa zaidi ya siku 400. Ila StarForce ilijipenyeza ndani kabisa ya Windows, wachezaji wakailaumu kwa kuharibu mashine zao, na mwaka 2006 Ubisoft ikaachana nayo. Ushindi huo una harufu.

Kwa kuvunjwa upesi, iko RiME. Mwaka 2017 watengenezaji wake waliahidi hadharani kwamba kinga ya Denuvo ikivunjwa, wataiondoa. Zilipita siku kama 5, ikavunjwa, nao wakatimiza neno lao. Sijui kampuni nyingine iliyoshindwa kwa adabu namna hiyo.

Kimya kuliko yote ni kifo cha Tron: Evolution, ya mwaka 2010. Mwaka 2019 leseni ya Disney kwa kinga ya SecuROM ilikoma, na wenye nakala walizolipia wakakuta gemu haikubali tena kuamilishwa. Haikuuawa na mvunjaji wala mdukuzi; leseni tu haikuhuishwa.

Kwa kuchekesha, hakuna wa kuishinda Rainbow Six Vegas 2. Julai 2008 Ubisoft ilitoa sasisho, na waliokuwa wamenunua gemu hiyo kwa kupakua wakaanza kudaiwa diski ambayo hawakuwahi kuuziwa. Kampuni ikawapa faili la kurekebisha. Wadadisi walipolifungua waone limetengenezwaje, wakakuta ndani yake jina la RELOADED, genge maarufu la kuvunja gemu: Ubisoft ilikuwa inawagawia wateja wake halali kazi ya maharamia wale wale iliokuwa ikiwakimbia. Faili likaondolewa haraka.