Si Mjinga Asiyeng'amua Fumbo

Wahenga walinena kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua. Nami, kwa heshima yote niliyo nayo kwao, naona hukumu hiyo imewadhulumu wanandoa wengi. Mke wa pwani aliyeudhika aghalabu hasemi. Hujitanda kanga yenye jina alilolichagua kwa makusudi, akapita mbele ya mumewe mara mbili tatu, akingoja maandishi yafikishe ujumbe ambao kinywa kimestahi kuutamka. Mume mwenye usonji aweza kulisoma jina hilo herufi kwa herufi na kulielewa kama lilivyoandikwa, asidhani hata kidogo kwamba limemlenga yeye. Na jioni, akiulizwa kwa nini hakujali, hustaajabu kwa dhati, maana hajui alichopuuza. Mke huona moyo mgumu. Mume huona adhabu isiyo na kosa.

Usonji ni umbile la ubongo ambalo mtu huzaliwa nalo, akakua nalo, akaoa au akaolewa nalo, na wako wanaolitambua ukubwani, pengine baada ya mtoto wao kuchunguzwa na daktari. Tangu daktari Leo Kanner alipolieleza huko Marekani mwaka 1943, wataalamu kwa miaka mingi waliuelekeza upungufu wote wa mawasiliano kwa mwenye usonji peke yake. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliikanusha dhana hiyo, akahoji kwamba watu wawili wa maumbile mbalimbali wasipofahamiana, kila mmoja ameshindwa kumsoma mwenziwe. Miaka minane baadaye Catherine Crompton na wenziwe wa Edinburgh walichapisha jaribio la hadithi iliyopokezanwa mtu kwa mtu katika safu za watu wanane: safu za wenye usonji watupu ziliifikisha sawa na safu za wasio nao, na ni katika safu za mchanganyiko ndimo maelezo yalimopotea zaidi. Huo, kwa insafu, ni ushahidi wa kumvua mtu lawama aliyobebeshwa tangu utotoni.

Basi nyumbani, neno la wazi lina ihsani kuliko ishara. "Nimechoka, naomba uoshe vyombo kabla ya isha" ni ombi linaloweza kutimizwa; kushusha pumzi jikoni hakutimiziki. Hali kadhalika mwenye usonji, kelele za wageni zinapomlemea hata akajifungia chumbani, na aseme, "Nipe nusu saa, nitatoka tuzungumze," ili kimya chake kisihesabiwe kuwa dharau.

Nawasihi makungwi wanaowafunda wari, na wazee wanaokalishwa kitako kuwapatanisha wanandoa: kabla ya kumwita mtu mjeuri au asiye na mapenzi, muulizeni mwenziwe kwanza kama jambo hilo alipata kumwambia kwa maneno.