Fedha za Mavuno Zikiingia, Tusisahau Kitabu

Mama mpenzi, uliye Kaliua au popote pale ambapo fedha huingia nyumbani mara moja kwa mwaka, unajua jinsi msimu unavyokwenda. Tumbaku ikishauzwa na chama cha msingi kikishalipa, ndipo nyumba inapopumua. Deni la pembejeo hukatwa, sare za shule hununuliwa, bati huongezwa juu ya paa. Ndipo pia harusi zinapofuatana, na ubarikio, na mahafali ya shule. Kila sherehe inadai zawadi, na sisi akina mama ndio tunaoulizwa: "Tupeleke nini?"

Mara nyingi jibu huwa tayari: kitenge, sufuria, blanketi, seti ya vikombe. Hatuvidharau vitu hivyo, kwa maana nyumba haiendeshwi kwa maneno matupu. Lakini leo tunaomba tuongeze kitu kimoja ndani ya kapu la zawadi, nacho ni kitabu. Wala si kitabu chochote tu, bali kile ulichokichagua ukimfikiria mtu atakayekipokea.

Kwa nini kitabu?

Watoto wetu wengi hukutana na kitabu shuleni tu. Kwao kitabu ni kitu cha mtihani. Mtihani ukiisha, nacho kimekwisha. Msichana akiolewa na kuingia katika nyumba isiyo na ukurasa hata mmoja wa kusoma, baada ya miaka michache huanza kusitasita mbele ya barua ya mwalimu, kadi ya kliniki, au karatasi ya mkopo ambayo mumewe ametakiwa kutia sahihi. Kusoma ni kama njia ya porini: isipopitwa, nyasi huifunika.

Hasara hiyo haionekani kwa siku moja. Huonekana siku ile mama anapomwita mtoto wa jirani amsomee jambo ambalo asingependa jirani alijue. Je, si afadhali tuipalilie njia hiyo mapema?

Nchi yetu hii ya magharibi ya Tabora imezoea mizigo inayotoka mbali. Karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilipita Tabora kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba vitambaa, shanga na pembe za ndovu, kila mtu mzigo wa kilo 30 hivi. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baadaye Kaliua ikawa mahali ambapo njia ya Mpanda inachepuka. Kitabu nacho kinaweza kusafiri kwa njia hiyo hiyo. Kinachotakiwa ni mtu wa kukiagiza.

Basi tumewapangia vitabu vichache, vipya na vya zamani, kwa kufuata mtu anayepewa.

Kwa bibi na bwana harusi

Tunakitaja kwanza kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni habari za mume na mke wanaopendana lakini hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanasema maneno, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume analazimika kwenda ukweni kwa unyenyekevu kumwomba mkewe arudi. Je, ni ndoa ngapi hapa kwetu zimevunjwa na maneno ya aina hiyo? Kitereza aliimaliza hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilichapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Ni kitabu kinene, lakini ndoa nayo ni ndefu, na kinaweza kusomwa kidogo kidogo. Kwa kuwa ni cha zamani, huenda ukakitafuta kwa wauza vitabu vilivyotumika.

Kwa baba wa nyumba

Wengi husema wanaume wetu hawasomi. Sisi twaona kwamba aghalabu hawajapewa kitabu kinachowahusu. Kwa baba anayependa habari za zamani, tafuta Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri kwa sababu baba yake ana deni asiloweza kulilipa. Amewekwa rehani, naye hajui. Baadaye anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara, katika miaka ambayo Wajerumani walikuwa wakishika nchi.

Mkulima anayejua uzito wa deni la mbolea ataielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Huenda pia akamtazama kwa jicho jingine mtoto anayekosa shule ili kuchuma na kufunga majani ya tumbaku. Hiki ni kitabu cha watu wazima, usiwape wadogo.

Kwa mzee anayejivunia Unyamwezi kipo Mtemi Mirambo cha J. B. Kabeya, kilichotoka miaka ya 1960. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alitawala Urambo, ambayo ni jirani yetu kabisa. Hata Wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka wilaya ya Urambo. Nakala zake ni adimu, lakini mzee atakayeipata ataitunza kama shamba.

Kwa bibi na babu

Mwalimu Nyerere alisoma Tabora alipokuwa kijana, na akaja kufundisha hapo pia. Wengi wanajua kwamba alitafsiri tamthilia za Shakespeare, yaani Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Wachache zaidi wanajua kwamba alizitia Injili katika ushairi wa Kiswahili, na kwamba tenzi hizo zilichapishwa mwaka 1996 kwa jina la Utenzi wa Enjili. Utenzi ni wa kusikilizwa. Kwa hiyo bibi ambaye macho yake yamechoka hakosi kitu: mpe yeye kitabu, na umpe mjukuu kazi ya kumsomea. Hapo umewapa zawadi wawili kwa bei ya mmoja.

Kwa watoto

Tangu mwaka 1991, ulipoanza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, hadithi nyingi za Kiswahili zimechapwa hapa hapa nchini, zenye picha za watoto wanaofanana na wetu. Kwa wadogo, chagua chenye picha kubwa na maneno machache. Kwa wanaosoma vizuri, tafuta Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, iliyotolewa na E & D Vision mwaka 2008. Semzaba ndiye aliyeandika Ngoswe, tamthilia ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Humu mtoto Majaliwa yuko katika safari ya kuizunguka Tanzania, na msomaji anajifunza nchi yake huku akifurahi. Hekaya za Abunuwasi nazo hazijachuja. Nyumba nzima itacheka.

Kwa binti na kwa mama yake

Binti anayemaliza shule mpe Wasifu wa Siti binti Saad, alioutunga Shaaban Robert. Siti alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, katika nyumba maskini. Aliuza vyungu. Hakupata shule. Lakini sauti yake ilimfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Binti aliyeambiwa kwamba kwa kuwa hakuchaguliwa kuendelea na masomo basi mambo yake yamekwisha, na aisome habari hiyo.

Mama yake mpe Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na kweli si ya watoto wadogo. Lakini mzazi anahitaji kuisoma. Baba anamlinda binti kwa fimbo, hasemi naye, hamfundishi. Binti akitoka mbali na fimbo hiyo hana kitu kingine cha kumshika. Msomeni mama na baba, kisha mzungumze.

Kwa kikundi cha akina mama

Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinaweza kuchangia kitabu kimoja kikazunguka. Nguzo Mama ya Penina Muhando, tamthilia ya mwaka 1982, inaonyesha wanawake wa kijiji wanaojaribu kuisimamisha nguzo yao, kila mmoja na mzigo wake wa nyumbani. Gawaneni sehemu, mmoja asome huyu na mwingine yule. Katika vitabu vya miaka ya karibuni, ipo Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, mwandishi mwanamke wa Zanzibar, iliyopata tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Inaingia ndani ya nyumba na kutazama mambo ya familia ambayo aghalabu hufungiwa mlango.

Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayohusu nyanja kama riwaya, ushairi na hadithi za watoto. Kila mwaka washindi wanapotangazwa, andika majina yao. Ni orodha nzuri ya kuanzia kutafuta vipya.

Jinsi ya kukipata

Ikiwa duka la karibu nawe lina madaftari na kalamu tu, usikate tamaa.

1. Mtume mtu anayekwenda Tabora mjini au Dar es Salaam kwa treni au basi. Mwandikie kwenye karatasi jina la kitabu, jina la mwandishi na jina la mchapishaji. Usimwambie kwa mdomo tu, atasahau kabla hajafika.

2. Mwombe akikague kabla ya kulipa. Afungue kurasa zote, aone kama hakuna zilizoruka au kufutika.

3. Uliza katika duka la vitabu la kanisa na kwa walimu. Ukiwa Tabora, ingia maktaba ya mkoa. Hapo unaweza kukionja kitabu kabla ya kutoa fedha zako.

4. Ikiwa bei imekushinda, changieni wawili au watatu. Wifi na shemeji wakitoa pamoja, zawadi ni moja na heshima ni ya wote.

Jinsi ya kukitoa na kukitunza

Kitabu kikitolewa peke yake katika kicheni pati, huenda wengine wakaguna. Basi kifunge ndani ya kitenge. Andika ukurasa wa mbele jina la anayepewa, tarehe, na neno moja la kutoka moyoni mwako. Vikombe vitavunjika, lakini maneno hayo watoto wake watayasoma.

Kivishe jalada la karatasi ngumu. Usikiweke sakafuni wala usikiegemeze ukutani, kwa maana huku kwetu mchwa hawajui tofauti ya kitabu na gogo. Sanduku la bati linafaa, na mara moja moja kianikwe kivulini penye hewa.

Zaidi ya yote, kisomwe. Chagueni jioni moja kwa juma. Chakula kikishaliwa, taa ya sola iwekwe katikati, na mtoto mmoja asome kurasa mbili au tatu kwa sauti. Zamani bibi alisema "Hadithi, hadithi!" na sisi tukaitika, utaratibu ni ule ule. Mama asiyejua kusoma asijitenge. Yeye ndiye wa kuuliza, "Kwa nini alifanya hivyo? Wewe ungefanyaje?" Swali kama hilo halihitaji cheti. Huenda siku moja, mtoto akisoma, naye akaanza kufuata mistari kwa kidole.

Akina mama wapendwa, hatusemi kwamba kitabu kitalipa deni wala kuleta mvua. Tunasema kwamba fedha za msimu hupita haraka, na mwezi wa pili mwenye nyumba huanza kuuliza zilikwenda wapi. Mwaka huu, zitakapohesabiwa mezani, kabla hazijatawanyika, tengeni kiasi kidogo cha kitabu kimoja. Kimoja tu kwa mwaka. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa na vitabu saba siku atakapoanza darasa la kwanza.

Tunawatakia usomaji mwema, na Mungu azibariki nyumba zenu.