Sungura Asiye na Shimo

Je, wajua kwamba sungura anayekatiza mbele ya taa za gari usiku, kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na sungura mweupe anayefugwa uani pale Kilosa mjini ni ndugu wa mbali tu? Wa porini huzaa juu ya ardhi, kwenye kibonde katikati ya nyasi. Mtoto wake hutoka tumboni na manyoya yake, macho yamefumbuka, na baada ya muda mfupi anaweza kuruka. Wa bandani asili yake ni Hispania na Ureno, ambako mababu zake walikuwa wachimba mashimo. Mtoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba, na uzito wa gramu 50 au 60 hivi. Huyo aliumbwa azaliwe chini ya udongo, mahali ambapo joto halibadiliki sana baina ya mchana na usiku. Sisi tumempandisha juu ya wavu wa waya, kimo cha kiuno, upepo unapita chini yake.

Sababu za kumpandisha zipo. Kuna nyoka, kuna siafu (ndiyo maana wafugaji husimamisha miguu ya banda kwenye makopo ya oili chafu), na mkojo lazima uanguke chini. Lakini shimo tulilomnyang'anya hatuna budi kumrudishia kwa namna nyingine, hasa Juni na Julai.

Watu wa pwani wakisikia habari za baridi ya Kilosa hucheka, na kweli si baridi ya Njombe. Mji uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 au karibu na hapo. Ukipanda kwenye milima ya Ukaguru au Rubeho, hali ni kali zaidi. Cha ajabu ni kwamba nyuzi 15 hadi 20 ndizo sungura mkubwa anazozipenda. Kinachomtesa ni joto: likipita nyuzi 30 hulala hoi akihema, na dume huweza kupoteza uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo usiku uleule unaompeleka mwenye nyumba kabatini akitafuta sweta, mama sungura anaufurahia, na kitoto chake kilichodondoka nje ya kiota kinakufa.

Kinakufa upesi kwa sababu ya udogo wake. Tonge la ugali hupoa mkononi wakati bonge bado linafuka mvuke kwenye sahani. Kitoto nacho kina ngozi nyingi ya kupotezea joto kuliko mwili wa kulitengeneza. Hata kutetemeka hakijaweza. Kinategemea mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega, ambayo mwili huyachoma moja kwa moja kupata joto, na akiba hiyo haidumu kama hakinyonyi. Mama naye hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika tatu au nne, kisha huondoka. Hakai juu ya watoto kama kuku, wala hambebi aliyetoka nje kama paka afanyavyo.

Anachowaachia ni manyoya. Anapokaribia kuzaa, baada ya mimba ya siku 31 hivi, homoni humfanya ajinyofoe manyoya ya kifuani na tumboni na kuyachanganya na nyasi. Hewa ikinaswa humo haitembei, na joto halina njia ya kutorokea. Vitoto vikibanana katikati, kiota hufika nyuzi 30 na zaidi bila kaa la moto hata moja. Havitulii: cha pembeni hujipenyeza katikati, cha katikati husukumwa nje, zamu kwa zamu.

Kazi ya mfugaji ni kuingiza kisanduku cha mbao siku ya 28 hivi ya mimba. Mlango wake uwe na kizingiti cha sentimita 15, ili kitoto kilichong'ang'ania chuchu kisiburutwe nje mama anapotoka. Ndani weka nyasi kavu, au majani ya mpunga, ambayo kwa bahati njema Kilosa huyapata kwa wingi baada ya mavuno, wakati baridi nayo inaingia. Kisanduku kikiwa kikubwa kupita kiasi vitoto hutawanyika, na vikitawanyika kila kimoja kinapigwa na baridi peke yake.

Banda lenyewe lipe mgongo upande wa kusini-mashariki, unakovuma upepo wa kusi. Uwazi uelekee kaskazini, maana mwezi Juni jua letu limeegemea huko na litaingia ndani. Gunia la katani linatosha kukinga upepo. Usizibe kila tundu! Mkojo ukioza hutoa amonia, ile harufu inayochoma macho, na sungura waliofungiwa nayo huanza chafya na makamasi, kisha nimonia. Jiko la mkaa ndani ya banda lililozibwa silishauri kabisa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na majani makavu yako karibu.

Wafuga kuku wanaijua siri hii ya kiota, ya kupata joto bila moto, kwa jina la kinengunengu: kisanduku kilichozungushiwa nyasi, ambamo vifaranga hulala wakipashana joto la miili yao, bila taa wala mkaa.

Ukikuta kitoto kimepoa nje ya kiota, usikihesabu kimekufa. Kipashe taratibu kwa viganja, au kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, kisha kirudishe kwa wenzake. Na jike anayezaa mara ya kwanza wakati mwingine husahau kujinyofoa. Wafugaji wazoefu hukusanya manyoya yaliyozidi kwenye viota vya wengine, wakayahifadhi makavu kwenye mfuko kwa ajili ya siku hiyo.